Kiwambo cha plazima kisihukumiwe kabla ya kuchunguzwa

Katika shule zetu nyingi, mashine ikigoma, hukumu hutolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Mwalimu hubonyeza swichi, kiwambo kikakataa kuwaka, na kabla ya kengele ya kipindi kulia, habari zimekwisha kufika jikoni kwamba ile runinga kubwa imekufa. Siku ya pili kiwambo hufunikwa kitambaa. Muhula unaofuata hupelekwa stoo, kikaegemezwa kando ya viti vilivyovunjika miguu na ramani za dunia zilizoliwa na mchwa. Hakuna aliyeuliza kimekufa kwa maradhi gani, wala kama kweli kimekufa.

Nazungumzia hasa viwambo vya plazima, vile vioo vipana na vizito ambavyo mwanzoni mwa karne hii vilikuwa fahari ya hoteli kubwa, mabenki na sebule za wenye nazo. Siku hizi vingi vimeshuka ngazi. Hutufikia kama msaada wa wafadhili, kama mitumba iliyoteremshwa katika bandari ya Mombasa, au kama zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyenunua kipya akaikumbuka shule yake. Hutundikwa katika kumbi za mikutano na vyumba vya walimu, vikaonyesha tamthilia, majaribio ya kemia na taarifa ya habari ya jioni. Tena havitengenezwi kamwe. Kampuni ya Panasonic ilikoma kuvitengeneza mwishoni mwa mwaka wa 2013, nazo Samsung na LG zikafuata mwaka wa 2014. Maana yake ni kwamba kila kiwambo cha aina hii kilichoko shuleni leo ni mzee, na mwenye kumuuguza mzee sharti ajue kutofautisha uchovu na ugonjwa, na ugonjwa na mauti.

Maoni yangu ni haya. Kwa kadiri nilivyoona, hitilafu nyingi zinazosingiziwa viwambo hivi chanzo chake kiko nje ya kiwambo chenyewe, na zaweza kugunduliwa na mwalimu na wanafunzi wake bila kulegeza skurubu hata moja. Zipo nyingine zilizomo ndani, ambazo ni kazi ya fundi aliyehitimu peke yake. Na zipo chache zisizokuwa na dawa. Shule isiyojua kutenga mafungu haya matatu hupoteza fedha za wazazi mikononi mwa fundi mjanja, au huhatarisha maisha ya kijana mdadisi aliyeshika bisibisi. Hilo la pili ndilo lililonisukuma hasa kushika kalamu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba chombo hiki si mgeni darasani. Kilizaliwa huko huko. Mnamo 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Donald Bitzer na Gene Slottow, wakisaidiwa na mwanafunzi wao Robert Willson, walibuni kiwambo cha kwanza cha plazima. Burudani ya sebuleni haikuwa fikirani mwao. Walikuwa katika mradi wa kufundisha kwa tarakilishi ulioitwa PLATO, ulioanzishwa chuoni humo mwaka wa 1960, na walihitaji kiwambo chenye uwezo wa kushikilia maandishi na michoro chenyewe, kwa kuwa kumbukumbu ya tarakilishi za enzi hizo ilikuwa ghali mno. Katika miaka ya 1970 wanafunzi waliketi mbele ya viwambo hivyo vilivyong'aa kwa rangi moja tu ya machungwa, wakajibu maswali kwa kugusa kioo kwa kidole. Rangi kamili zilikuja baadaye, na vya inchi 42 vilipoingia madukani mwaka wa 1997 bei yake ilikuwa takriban dola 15,000 za Marekani. Basi chombo kilichobuniwa na walimu na mwanafunzi wao kwa ajili ya darasa kinapofia katika stoo ya shule kwa kukosa mtu wa kukielewa, hiyo ni fedheha yetu sisi walimu kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote.

Daktari hawezi kutibu maradhi bila kuujua mwili. Kiwambo cha plazima ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja, na kati yake mna visanduku vidogo visivyoonekana kwa urahisi kwa macho matupu. Kiwambo chenye pikseli 1024 kwa 768, kipimo kilichozoeleka katika viwambo vingi vya inchi 42, kina visanduku 2,359,296, kwa sababu kila pikseli ina vitatu: kimoja cha rangi nyekundu, kimoja cha kijani na kimoja cha buluu. Ndani yake mna gesi za neoni na zenoni. Umeme unapopita, gesi hugeuka kuwa plazima na kutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni. Miale hiyo hugonga unga wa fosfori uliopakwa ndani ya kisanduku, nao unga ukang'aa kwa rangi yake. Ni jamaa wa karibu wa taa za mirija zilizofungwa darini mwa madarasa yetu.

Mwalimu wa fizikia atatambua kwamba maelezo haya yanatupa mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba kila kisanduku hujitolea mwanga wake chenyewe, na kwa hivyo huchakaa kwa kadiri kinavyotumika. La pili ni kwamba gesi haiwaki kwa umeme mdogo. Ndani ya kiwambo mna saketi zinazofanya kazi kwa takriban volti 200. Karibu kila hitilafu nitakayoitaja hapa chini inatokana na mojawapo ya mambo hayo mawili.

Tuanze na kiwambo kisichoonyesha dalili yoyote ya uhai: hakuna taa ndogo nyekundu, hakuna sauti, hakuna lolote. Hapa uchunguzi uanzie ukutani na kuelekea kwenye kiwambo, wala usianzie kwenye kiwambo. Chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile. Ikikataa kuwaka, mshukiwa wako yuko ukutani. Ikiwaka, tazama waya wa nyongeza, kwa kuwa shule zetu hupenda kuchomeka vitu vitano katika waya mmoja uliochoka. Kisha ifungue plagi. Plagi zetu za miguu mitatu mna fyuzi ndani yake, kijiti kidogo kinachouzwa kwa bei ya peremende chache, na kiwambo kizima chaweza kulala kwa sababu ya kijiti hicho. Hatimaye tafuta swichi kuu. Viwambo vingi vya plazima vina swichi iliyofichwa chini au ubavuni, mbali na kitufe cha rimoti. Mfagiaji akiigusa kwa kitambaa, rimoti haitafaa kitu hata ukiibonyeza hadi machweo.

Hali ya pili inatisha zaidi. Taa nyekundu inawaka, kiwambo kinatoa mlio mfupi kana kwamba kinaamka, halafu kinajizima chenyewe. Pengine taa hiyo inaanza kupepesa. Wengi wetu hapa hubonyeza tena na tena kwa hasira. La hasha! Kiwambo kinachojizima kinajilinda. Kimegundua joto kupita kiasi, au umeme usiotulia, au kasoro katika mojawapo ya bodi zake, na kimeamua kusimama kabla ya kuungua. Kukilazimisha ni kumchapa mgonjwa bakora ili akimbie.

Ufanye nini basi? Chomoa plagi. Toa kebo zote zinazotoka kwenye tarakilishi, king'amuzi au mashine ya kuchezea kanda. Kiache robo saa. Wakati huo, tazama matundu ya hewa yaliyo nyuma. Mara nyingi utakuta vumbi limeyaziba kama utando wa buibui, au mtu amekibana kiwambo ukutani bila nafasi ya hewa kupita. Lifute vumbi la nje kwa brashi laini na kavu, kisogeze kiwambo kutoka ukutani, kisha ukiwashe kikiwa peke yake. Kikikaa, rudisha kebo moja moja mpaka umpate mkorofi. Kikijizima tena, hesabu taa inapepesa mara ngapi kabla ya kutua, na uandike idadi hiyo. Watengenezaji wengi waliweka maana katika kupepesa huko, na fundi mwenye kitabu cha kiwambo hicho atajua aanzie bodi gani. Hapo ndipo mpaka wa kazi ya mwalimu. Yaliyo mbele ya hapo ni ya fundi.

Hali ya tatu ndiyo inayowatajirisha mafundi wajanja: kiwambo kinawaka, pengine hata sauti inasikika, lakini picha hakuna, au yapo maandishi tu kwamba hakuna mawimbi. Hapa nawapa wasomaji wangu kipimo kimoja ambacho, nikiambiwa nichague kimoja tu cha kufundisha, ndicho ningekichagua. Bonyeza kitufe cha menyu. Menyu haitoki kwenye king'amuzi wala kwenye tarakilishi. Huchorwa na kiwambo chenyewe. Ikitokea safi, yenye rangi kamili na maandishi yanayosomeka kutoka ukingo hadi ukingo, basi kioo ni kizima, na bodi zinazokiwasha ni nzima. Kosa liko kwenye kebo, kwenye chombo kinacholeta picha, au kwenye uteuzi wa mlango ambao picha inaingilia. Menyu nayo ikitokea imekatwa na mistari au ina madoa, au isipotokea kabisa, ndipo ugonjwa umo ndani.

Katika shule moja ya upili niliyoitembelea, fundi alikuwa amewaandikia kwa kalamu nyekundu kwamba kioo kimeungua na hakuna budi kununua kingine. Kiasi alichoitisha kingemlipia mwanafunzi mmoja karo ya muhula mzima. Nilimwomba mwalimu aliyekuwa na rimoti abonyeze menyu. Ikatokea, inang'aa kama siku kiwambo kilipotoka dukani. Tuliifuata kebo inayotoka kwenye tarakilishi, tukakuta imetafunwa na panya nyuma ya kabati. Sijui kama fundi yule hakujua au alijua sana. Ninalolijua ni kwamba mwalimu yule hataulizwa tena fedha za kioo bila yeye kuuliza menyu inasemaje.

Kuna mengine mawili ya aina hiyo. Tarakilishi mpya hupenda kutoa picha yenye pikseli nyingi kuliko kiwambo kikongwe kinavyoweza kupokea, na kiwambo hujibu kwa giza au kwa ujumbe kwamba kipimo hicho kimepita uwezo wake. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya tarakilishi na kushusha kipimo, mathalani hadi 1024 kwa 768. Pili, matangazo ya runinga ya mfumo wa analogi yalizimwa humu nchini mwaka wa 2015. Kiwambo cha zamani kilichounganishwa moja kwa moja na antena ya juu ya paa kitaonyesha chengachenga tupu hata kama ni kizima kama kigongo. Kinachokosekana hapo ni king'amuzi.

Sasa tuje kwenye mistari. Dalili ya mvua ni mawingu, na mstari kwenye kioo husema mengi kwa anayejua kuusoma. Mistari ya mlalo, au sehemu nzima ya juu au ya chini iliyoingia giza, aghalabu hutokana na bodi zinazoendesha safu za visanduku, na fundi hodari akipata bodi kutoka kwenye kiwambo kingine kilichovunjika anaweza kuibadilisha. Mstari mwembamba wa wima, unaotoka juu hadi chini bila kukatika, ni habari mbaya zaidi. Mara nyingi huo umetokana na viunganisho vyembamba vilivyogandishwa kwenye kioo chenyewe, na kuvirekebisha ni kazi isiyolipa. Mstari mmoja wa wima hauzuii wanafunzi kutazama jaribio la kemia. Uvumilieni, msiutolee hela. Ama kiwambo kikimeta nukta nyekundu, kijani au zambarau mahali panapostahili kuwa peusi, hiyo ni dalili kwamba volti za ndani hazimo katika kipimo chake au bodi imechoka. Fundi ana kifaa cha kuzipima; wewe huna.

Ugonjwa unaoletwa na mazoea yetu wenyewe ni kovu. Nilisema kwamba kila kisanduku huchakaa kwa kadiri kinavyotumika. Ukiacha nembo ya shule, ratiba ya vipindi au orodha ya matokeo ya mtihani ikae kiwamboni kutwa nzima, siku baada ya siku, visanduku vinavyounda maandishi hayo huchakaa upesi kuliko jirani zake. Ukibadilisha picha, maandishi yanabaki kama mzuka. Nimewahi kutazama filamu ya wanyama wa mbugani ambamo simba alikuwa akitembea juu ya jina la mkuu wa shule aliyekwisha kustaafu.

Hata hivyo, si kila mzuka ni kovu. Upo mzuka wa muda, unaofifia baada ya saa chache za picha zinazosogea. Kabla ya kukata tamaa, onyesha filamu yenye mwendo na rangi nyingi kwa saa kadhaa, na kama kiwambo kina mpangilio wa kujisafisha kwa ukurasa mweupe, utumie. Mzuka ukipungua, endelea. Usipopungua hata chembe baada ya siku kadhaa, hilo ni kovu, na kovu la plazima halifutiki. Kinga yake ni rahisi: punguza ukali wa mwanga, usiache picha moja iliyosimama kwa muda mrefu, na ujaze kioo kizima badala ya kuacha mapande meusi pande zote mbili za picha. Ratiba ya vipindi ibaki ubaoni ilikokuwa tangu zama za chaki.

Kuna hitilafu moja ambayo wakazi wa nyanda za juu wanaijua na wa Pwani hawaijui, na imeleta ugomvi mwingi kati ya wauzaji na wanunuzi. Kiwambo hutolewa Mombasa kikiwa kimya, kikafika Eldoret, Limuru au Nyahururu kikaanza kuvuma kama nyuki mzingani. Mnunuzi husema ameuziwa kibovu. Muuzaji huapa kwamba kilikuwa kizima. Wote wawili wanasema kweli. Gesi iliyo ndani ya kioo imefungiwa kwa shinikizo lililo chini kuliko la hewa ya nje, na ni hewa ya nje inayosaidia kuvibana vioo viwili vishikamane. Ukipanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua, mbano umelegea, na mtetemo wa umeme ndani ya kioo husikika kama mvumo. Watengenezaji wengi waliandika katika vitabu vyao kimo ambacho kiwambo hakifai kuvuka, na aghalabu ni mita elfu mbili na kitu. Hapana fundi atakayeutoa mlima chini ya shule yako. Unaloweza ni kupunguza mwangaza, jambo ambalo hupunguza mvumo, na kuhakikisha hewa inapita vizuri nyuma, kwa maana hewa nyepesi hupoza kwa uvivu. Ni somo zuri la shinikizo la hewa kwa wanafunzi, tena la bure.

Sasa nifike kwenye lile nililosema ndilo lililonisukuma. Wanafunzi wetu ni wadadisi, na mwanafunzi asiye mdadisi hana haja ya shule. Lakini kifuniko cha nyuma cha kiwambo cha plazima ni mpaka usiovukwa. Ndani yake mna kapasita, vijipipa vinavyohifadhi umeme, na vijipipa hivyo haviachi kuwa hatari kwa sababu plagi imechomolewa. Huweza kubaki na chaji ya kutosha kumwangusha mtu mzima muda mrefu baada ya kiwambo kuzimwa. Mwalimu anayempa kijana bisibisi akamwambia "jaribu tu" anacheza na roho ya mtoto wa mwenzake. Fundi wa kweli huanza kwa kupima na kuumaliza umeme huo kabla ya kugusa chochote. Asiyefanya hivyo mtoeni mlangoni. Udadisi wa wanafunzi upewe kazi upande wa mbele: wachunguze soketi kwa taa, wasome menyu, wahesabu mara ambazo taa inapepesa, wachore mahali mistari ilipo, waandike.

Uzito nao una hatari yake. Kiwambo cha inchi 42 cha miaka hiyo aghalabu kina kilo 30 au zaidi. Kibebwe na watu wawili, kikiwa kimesimama wima kama kinavyokaa ukutani. Kukilaza kifudifudi katika gari la mizigo kwenye barabara ya mashimo ni kukiua njiani, kwa kuwa kioo kikipata ufa gesi hutoroka, na gesi ikitoroka hakuna fundi wa kuirudisha.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini tujisumbue na vikongwe, ilhali viwambo vyembamba vya LED vimejaa madukani na vinakula umeme kidogo? Hoja yao ina uzito. Plazima ya inchi 42 inaweza kula wati 200 hadi 400 kutegemea picha, na shule inayotegemea nguvu za jua haipaswi hata kuifikiria. Iwapo kioo kimepata ufa, au gharama ya bodi inakaribia bei ya kiwambo kipya, kiageni. Lakini msikitupe katika shimo la takataka na kukiwasha moto, kama ilivyo desturi ya shule nyingi. Vioo na lehemu za viwambo vingi vya zamani zina madini ya risasi, na moshi wake utavutwa na watoto wale wale mliotaka kuwafundisha. Vipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za vyombo vya umeme kwa idhini ya serikali.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba kununua kipya kunaiponya shule. Shule iliyoua plazima kwa vumbi, kwa waya uliochoka na kwa umeme unaopanda na kushuka itaiua LED kwa silaha zizo hizo. Kilicho kibovu hapo ni desturi. Tazameni jinsi tunavyopokea misaada. Mfadhili huja, utepe hukatwa, ngoma huchezwa, picha hupigwa, na mgeni wa heshima hula pilau akaenda zake. Katika sherehe hizo sijapata kusikia mtu akiuliza kitabu cha maelezo kiko wapi, rimoti ni ipi, chombo hiki kimefanya kazi kwa miaka mingapi, na nani shuleni atakayekitunza. Kupokea chombo bila maswali hayo ni kupokea deni lililofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni dogo na halihitaji kibali cha wizara. Kiwambo kiwashwe mbele ya anayekileta, menyu ifunguliwe, na kitazamwe kikiwa na picha nyeupe ili makovu na mistari ionekane kabla ya mkono wa shukrani kutolewa. Kiwekewe kifaa cha kudhibiti umeme, maana stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo. Achaguliwe mwalimu mmoja na wanafunzi wanne wa kukitunza, na wawe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila hitilafu iandikwe: siku, saa, dalili, kilichojaribiwa, kilichotokea. Fundi akija, asomewe daftari kwanza, aandike anachodhani ni kosa kabla ya kufungua, na akibadilisha bodi aiache ya zamani mezani. Fundi mwaminifu atafurahi. Mjanja atakumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Mtakapoondoka shuleni mtakutana na mashine nyingi ambazo hakuna mwalimu aliyewafundisha, nyingine hazijabuniwa bado. Elimu ya viwambo vya plazima itawafaa kidogo tu, kwa maana viwambo hivyo vinaondoka duniani. Lakini mazoea ya kuanzia nje na kuingia ndani, kuanzia kwenye rahisi kabla ya ghali, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kuandika mlichokiona na kujua mahali pa kusimama, hayo hayachakai. Nendeni leo stoo ya shule yenu. Kama kuna kiwambo kilichofunikwa kitambaa, mwombeni mwalimu ruhusa, mkifungue kitambaa, na mwanzie kwenye fyuzi.